Kamba ya barabarani, tunaifunga sisi wote

Ndugu vijana, wenzetu wa Kasongo na Kabambare,

Tuanze na kamba. Iko pahali fulani kwenye njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare: kamba ya nailoni tu, na vipande vya sasheti nyeusi vimefungwa juu yake ili ionekane mbali. Mutoto anaweza kuikata na wembe. Lakini kila pikipiki inasimama. Motari anazima injini, anavua kofia, sauti inashuka: "Jambo shefu." Kisha mukono kwa mukono, na ndani ya kiganja kuna noti ya franka 1000 imekunjwa mara ine. Hakuna mutu aliyetaja feza. Kila mutu anajua.

Mwezi uliopita nilipita pale. Kijana mumoja wa pikipiki ya pili akauliza kwa upole: "Shefu, tukilipa tunapata karatasi?" Nani alimukemea? Si yule wa kamba. Yeye alinyamaza, hata alishangaa kidogo. Ni sisi! Mama mwenye muchele akasema: "Mwanangu, tupite, jua linazama." Motari wake: "Unajiona umesoma kuliko sisi?" Na mimi, mwenye diplome ya sosiolojia, shomeri wa miaka miwili, nikacheka pamoja na wengine. Kijana akainamisha kichwa, akalipa.

Darasani tulifundishwa kama ishara haina nguvu yake yenyewe. Watu ndio wanaipa nguvu, kila siku, wakikutana. Niliandika vile kwenye mutihani, nikapata pointi nzuri. Kwenye kamba nilisahau yote.

Na sisi wa huku tungejua hii kabla ya wengine. Wakati Kasongo ilikuwa muji wa Tippu Tip, maneno mawili yaligawa watu: mungwana na mushenzi. Mutu alivuka toka upande huu kwenda ule kwa kanzu, kwa sala, kwa Kiswahili, kwa namna ya kusalimia. Aliyeitwa mungwana alijichunga asionekane mushenzi, naye akapata mutu wa chini ya kumuita vile. Muji ukaanguka mikononi mwa jeshi la Leopold mwaka 1893, lakini muchezo haukuisha: mwaka 1948 Wabelgiji wakaleta karte ya "mérite civique" kwa wale walioitwa evoliwe. Hata leo Kiswahili chetu kuna wanaokiita Kingwana.

Bunduki ilikuwapo wakati ule, ndiyo. Kwenye kamba pia iko. Ndiyo maana hatusemi mukate kamba. Hatutaki mutu afe kwa franka 1000. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kwa hiyo kuomba karatasi si kiburi, wala si uasi.

Tunaomba kitu kidogo. Mwenzako akiuliza karatasi, usicheke, usimuambie afanye haraka. Sema: "Na mimi naomba yangu, shefu." Halafu muongeze mama wa muchele aseme naye, maana yeye ndiye anayelipa mara mbili kila siku ya soko, akienda na akirudi.

Na wewe kijana wa pikipiki ya pili, kama unasoma hapa, utuandikie. Nataka kukuomba radhi.