Kopi ambayo haijawahi kurudisha kitu, hiyo si kopi

Ndugu wasikilizaji wa Masisi na Walikale, na ninyi jamaa mlio kwenye familia za kupokea wageni, kwenye makanisa na kwenye vyumba vya shule: leo siongelei risasi. Naongelea mabuku.

Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Masisi-centre. Mwezi wa tatu vikafika Walikale-centre. Tukikimbia, tunahesabu ng'ombe, mbuzi, sufuria na mashamba tuliyoacha. Hatuhesabu buku la etasivili, buku la chanjo la kituo cha afya, wala orodha ya wanafunzi kwa diregta. Tunavikumbuka siku mtoto anaombwa karatasi na hana.

Siku hiyo mkubwa fulani atakujibu: usiogope mama, kila kitu kiko kwenye mashine, tuko na kopi. Mimi jibu hilo silikubali tena. Swali si kama una kopi. Swali ni hili: mara ya mwisho ulirudisha kitu kutoka kwenye hiyo kopi ni siku gani?

Nauliza hivyo juu kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa natunza sauti za wazee na mikutano ya amani kwenye ordinateri, na kila mwisho wa mwezi nafanya kopi kwenye diski ya nje. Nilijiona mtu wa akili. Tulipohama, ordinateri ilibaki, diski nikaibeba. Nilipoichomeka kwenye ordinateri ya rafiki, haikufunguka. Miaka yote hiyo sikuijaribu hata mara moja. Nilibeba chuma kitupu, nikadhani nimebeba sauti za wazee.

Wenye kazi ya ordinateri kubwa sana, zile za benki na za serikali zinazoitwa meinfremu, wanalijua jambo hili zamani. Wao wanatunza kopi za aina mbili. Ya kwanza ni ya diski nzima, sawa na kuhamisha ghala lote na kila gunia lililo ndani. Ya pili ni ya faili mojamoja, kama kutoa gunia moja lenye jina la mwenyewe. Zote mbili zinahitajika. Lakini yule aliye na kopi ya ghala lote asikimbilie kuimwaga juu ya mashine inayofanya kazi. Ukimwaga kopi ya 2023 juu ya mashine ya leo, watoto walioandikishwa 2024 na 2025 wamefutika. Kopi inafunguliwa pembeni, inaangaliwa, kisha inatolewa faili ile tu iliyopotea. Na bila orodha ya kuonyesha kopi gani ina nini, na ya siku gani, hata fundi mkubwa atapapasa gizani.

Msiseme haya yanatupata sisi maskini tu. Tarehe 26 mwezi wa tisa 2025, moto uliwaka kwenye jengo la mashine za serikali ya Korea ya Kusini, mjini Daejeon. Ghala moja la faili za watumishi wa serikali liliungua lote, na halikuwa na kopi nje ya jengo. Nchi inayouzia dunia simu! Marekani nayo, mwezi wa saba 1973, moto mjini St. Louis uliteketeza mafaili ya wanajeshi kati ya milioni 16 na 18. Kopi hazikuwepo.

Lakini sikilizeni walichofanya Wamarekani baadaye, juu hapo ndipo tunahusika. Hawakuambia wale askari wazee: basi, nyinyi hamkuwahi kuwa jeshini. Walitafuta pembeni: karatasi za malipo, za hospitali, na za ofisi nyingine. Kipande kwa kipande wakajenga upya, na kazi hiyo ilidumu miaka mingi.

Kwetu vipande vipo. Buku la ubatizo liko parokiani. Karte ya chanjo iko kwenye mfuko wa mama. Bulletini ya shule, karte ya uchaguzi ya zamani, mashahidi waliopakana kwenye shamba. Kwa nini basi kila kazi ya kurudisha jina inaachiwa mama aliyekimbia na watoto wanne? Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Zikipita, ni kutafuta hukumu tribinali. Mama aliyetimiza sheria, aliyetembea na mtoto mgongoni mpaka kwenye ofisi, buku likipotea anapelekwa njia ileile na yule ambaye hakuandikisha. Hiyo ni adhabu bila kosa. Wa Masisi tayari walikosa kura ya tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023. Wasikose pia majina yao.

Wengine watasema: watu wana njaa, wewe unaleta habari ya makaratasi. Njaa naiona, nakaa nayo. Lakini vita vya Masisi na shamba ni ndugu toka zamani. Siku ya kurudi, mwenye shamba bila karatasi na bila shahidi atakuta mwingine amelima, na njaa ya leo itakuwa njaa ya mjukuu.

Wengine wana hoja nzito zaidi: orodha ya majina ni hatari ikianguka kwenye mikono mibaya. Kweli kabisa. Jirani zetu Rwanda walikuwa na karte zenye kabila, na tunajua zilitumika namna gani kwenye vizuizi 1994. Kwa hiyo kopi ifungwe kwa neno la siri, isiandikwe kabila, na isikae kwenye simu ya kila mtu. Hatari ya wizi ni sababu ya kuilinda kopi, si sababu ya kukosa kopi.

Basi nasema wazi. Kila ofisi, shule, parokia na kituo cha afya kilicho na buku, kipige picha kila ukurasa. Kopi mbili, sehemu mbili, moja iwe mbali na teritware yenyewe. Na kila miezi mitatu, mbele ya mashahidi, lichaguliwe jina moja kwa bahati, na karatasi yake itolewe kwenye kopi pale pale. Ikitoka, tupige makofi. Isipotoka, tujue leo, kabla ya kukimbia tena.

Na mashirika yanayokuja kila mara kutuandikisha upya, vidole na picha: orodha ya kambi ya kwanza ilienda wapi? Kama mnayo, irudisheni kazini. Kama hamnayo, tuambieni ukweli.

Wewe uliye na karte ya mtoto, ipige picha leo, umtumie mtu wa kuaminika aliye mbali. Kisha kesho mwambie akurudishie. Uone kama inasomeka.