Eropleni Ndogo na Jicho la Kupima

Wako wanafunzi wasemao kwamba kuunda eropleni ndogo ni mchezo wa watoto, wala haumfai kijana wa sekondari. Nilipofika hapa muhula uliopita kuwaamkia wadogo zangu, niliambiwa kwamba baadhi yao wameomba ile saa ya kazi za mikono ya Ijumaa iondolewe, ili waitumie kwa marudio ya mtihani. Kabati la eropleni nalo, walisema, lifanywe kabati la vitabu. Mimi ni mmoja wa waliopata kusoma hapa zamani, na neno hili lilinichoma. Sikulijibu siku ile. Naomba nafasi nilijibu leo, tena kwa upole, kwa maana waliolisema si wajinga.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, kwani wengine hawajapata kuiona. Sisemi juu ya eropleni ya karatasi irushwayo darasani mwalimu akigeuka. Nasema juu ya mfano unaofuata kipimo, ambao kila sehemu ya ndege ya kweli imepunguzwa kwa kiasi kile kile. Kipimo kipendwacho sana ni cha 1 kwa 72. Maana yake, inchi 1 ya mfano ni futi 6 za ndege ya kweli, yaani kimo cha mtu mzima mrefu. Huko Uingereza mifano ya plastiki ya kipimo hiki ilianza kuuzwa mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilitoa Spitfire yake ya kwanza katika miaka ya 1950, na bei yake ilikuwa shilingi 2 tu. Mnunuzi hupata vipande vidogo vidogo, karatasi ya maelezo, na alama za kubandika. Gundi, rangi na subira ni juu yake mwenyewe.

Kwetu sisi kazi hii ina njia nyingine. Watoto wa Kafutuma, na wa Kashikishi, na wa Nchelenge yenyewe, huunda magari na ndege kwa waya, mabua na vipande vya bati, na matairi huyakata katika ndara zilizochakaa. Hata mimi nilianza hivyo. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu niliunda ndege ya waya, nikatembea nayo kijiji kizima nikisifiwa. Nilipoingia shule hii nikaja nayo. Mwalimu wetu wa kazi za mikono aliitazama, hakucheka. Aliniuliza tu, "Mabawa ya ndege hii yana upana wa futi ngapi?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Na mlango wake je? Rubani ataingiaje?" Nikatazama, nikaona kwamba mlango niliouweka ulimfikia rubani wangu magotini. Ndege ilikuwa nzuri, lakini haikuwa ndege yo yote iliyopata kuruka. Nilikuwa nimeunda nilichodhani, si nilichoona.

Mwalimu akanipa karatasi yenye vipimo vya Beaver, ndege ya Canada yenye injini moja, na bawa lake limepita juu ya kiwiliwili. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1947. Ndege za namna hii zilitumiwa na shirika la Central African Airways wakati nchi hii ilipokuwa ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Mabawa ya Beaver yana upana wa futi 48. Gawanya kwa 6, wapata inchi 8 kamili. Hesabu ile niliifahamu kuliko zote nilizopata kuandika ubaoni, kwa sababu nilipokosea, kosa lilikaa mbele yangu juu ya meza likinitazama. Katika daftari kosa hufutwa kwa mpira, lakini bawa likikatwa fupi halirefuki. Nilikata mabawa matatu kabla ya kupata moja lililofaa.

Yuko atakayesema, "Vema, ulijifunza kukata ubao. Lakini yawafaa nini watu wengine?" Namjibu kwa habari ya kweli. Mwanzoni mwa mwaka 1942, wiki chache tu baada ya Marekani kuingia vitani, Frank Knox, waziri wa jeshi la majini la nchi ile, aliwaomba wanafunzi wa shule wamuundie mifano 500,000 ya ndege. Zilitakiwa aina 50 za ndege, na kila aina mifano 10,000. Kipimo kilikuwa hicho hicho cha 1 kwa 72. Vijana wakachonga mbao, wakazipiga msasa, wakazipaka rangi nyeusi.

Sababu yake ni hii. Askari wa kulinda anga hawana nafasi ya kusoma jina la ndege. Yawapasa kuijua kwa umbo lake tu, kama ni ya rafiki au ya adui, tena upesi. Mfano wa kipimo cha 1 kwa 72, ukitazamwa kutoka futi 35, waonekana sawa na ndege ya kweli iliyo mbali kiasi cha nusu maili. Basi mfano uliokosewa ulikuwa mbaya kuliko kukosa mfano, maana ulimfundisha askari uwongo, na uwongo ule ungeweza kumwua rafiki yake. Ndiyo sababu kazi ya wanafunzi ilikaguliwa kwa makini kabla ya kupokewa. Sipendi vita, wala sitaki mtu avipende kwa sababu ya makala hii. Nataka tuone tu kwamba watu wazima wenye shida kubwa waliomba msaada kwa vijana wa shule, na msaada walioutaka ulikuwa usahihi wa macho na mikono.

Labda mtasema kwamba Marekani ni mbali. Basi tuje karibu. Ng'ambo ya ziwa letu ni Katanga, na wengi wetu tuna jamaa huko. Mwaka 1960 Katanga ilijitenga na Kongo, ikakaa hivyo hata Januari 1963. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege aina ya DC-6B iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka msituni karibu na Ndola. Alikuwa akienda kutafuta amani ya Katanga. Walikuwamo watu 16, nao wote walikufa, ijapokuwa mmoja aliishi siku chache hospitalini. Wachoma makaa na wenyeji wengine wa upande ule walisema kwamba waliona ndege ya pili angani. Tume ya serikali ya wakati ule haikuyapa uzito maneno yao.

Ilipita miaka kama hamsini kabla ya maneno yale kusikilizwa vizuri. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimpa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati ule, kazi ya kuongoza jopo la kuchunguza habari mpya. Taarifa yake ya mwaka 2017 ilisema kwamba yaelekea kuwezekana kuwa shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege ile. Basi tazameni: wachoma makaa wa Ndola walisema jambo, na jaji mkubwa wa Afrika ya Mashariki akaona, baada ya nusu karne, kwamba halikuwa jambo la kutupwa.

Nawaomba msinielewe vibaya. Kosa halikuwa la wachoma makaa. Wao waliona wakasema, na lawama ni ya waliokataa kusikia. Wala eropleni za ubao zisingalimaliza shauri lile, kwani ulikuwa usiku. Lakini jambo hili lilinijia sana moyoni juzi nilipokuwa nikiunda Fouga Magister. Hii ni ndege ndogo ya jeti ya Kifaransa, ambayo Katanga ilikuwa nayo mwaka ule, na jina lake limetajwa mara nyingi katika uchunguzi huo. DC-6B ina injini nne za pangaboi, na mabawa yake yana upana wa futi 117 na nusu. Fouga ina injini mbili za jeti zilizolazwa ubavuni, na mkia wake umesimama kama panda ya manati. Aliyewahi kuziunda zote mbili kwa mikono yake hawezi kuzichanganya tena maishani mwake. Na mtu awezaye kusema, "Nimeona mkia wa panda, nimeona injini ubavuni, nimeona mabawa mafupi," si rahisi kuambiwa kwamba ameota. Dharau haishindwi kwa kelele. Mara nyingi hushindwa kwa maneno machache yaliyopimwa.

Wazee husema, Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa heshima zote naongeza kwamba macho nayo hufundishwa kazi. Sote tuna macho, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kusema mlango wa darasa letu una futi ngapi bila kuinuka? Jicho la kupima halihitajiwi na rubani peke yake. Mganga wa hospitali alihitaji, na mpima ardhi, na mshonaji, na fundi wa mashua. Twajua sote huzuni iletwayo na mashua iliyoundwa ovyo, au iliyopakiwa kupita kiasi, Mweru linapochafuka. Fundi asemaye "yatosha" bila kupima huenda asiwemo siku mashua yake inapozama, ila ndugu zetu watakuwamo.

Sasa niyajibu yale yanayosemwa. La kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba sanduku la plastiki si rahisi kwa mtoto wa mvuvi, nami simwambii mtu auze nyavu za babake anunue Spitfire. Lakini kipimo hakiuzwi dukani. Makaratasi magumu ya maboksi, mbao laini, mabua na waya vyatosha, mradi kuna rula, kalamu iliyochongwa vizuri, na mchoro wenye vipimo. Mimi napenda sanduku la plastiki, kwa maana laonyesha usahihi wa kazi ya wengine. Hata hivyo mwanafunzi aliyeunda ya sanduku peke yake amefuata maelezo tu. Aliyetafuta vipimo mwenyewe, akavigawanya, akavikata, huyo amejua.

La pili ni mtihani. Hili ni neno zito, wala silidharau, kwani wazazi wetu hulipa kwa jasho. Lakini saa moja kwa juma haitamwangusha mtu aliyesoma saa nyingine zote, wala haitamwokoa aliyezichezea. Tena katika saa ile kuna uwiano, kuna desimali, kuna uchoraji, kuna kusoma maelezo na kuyatii. Hayo yote yamo katika mtihani, ila hapa huja bila fimbo.

La tatu ni kwamba ni utoto. Wenye kusema hivyo nawaomba jambo moja tu. Wakae meza moja na mtoto wa darasa la chini aliyezoea kazi hii, kila mmoja achore bawa la Beaver kwa kipimo, kisha tupime. Ndipo tutajua nani mtoto.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Saa ya Ijumaa ibaki. Kila mfano utakaowekwa kabatini uandikiwe kikaratasi chenye jina la ndege, kipimo chake, na upana wa mabawa ya ndege ya kweli, ili ye yote aweze kuusahihisha. Tuanze na ndege zilizohusika na nchi zetu kabla ya zile za vita vya mbali. Na mara moja kila muhula mifano itundikwe kwa uzi mwisho wa ukumbi, wanafunzi wasimame futi 35 kutoka hapo, waandike majina yake. Wenzangu tuliomaliza zamani, nasi tuna la kufanya. Kama mtu hana fedha za kutuma, atume michoro yenye vipimo. Aliyeko mjini anaweza kuipata kwa urahisi, na karatasi si mzigo.

Beaver yangu ya kwanza bado imo katika kabati lile, rafu ya pili. Muhula uliopita niliitoa nikaipima tena kwa rula ya mwanafunzi mmoja. Mabawa yalikuwa inchi 8 kamili, nikafurahi. Kisha yule mwanafunzi, bila kuulizwa, akanionyesha kwamba gurudumu la kulia ni kubwa kuliko la kushoto. Miaka yote hiyo sikuliona. Nawasihi kabati lisiondolewe kabla sijarudi kulisahihisha, na kabla kijana yule hajapata nafasi ya kuunda yake.