Kesi ya Urithi Iliyozaa Vita vya Waingereza na Wafaransa

Kati ya Dover katika Uingereza na pwani ya Ufaransa pana mlango wa bahari ambao mahali pake pembamba ni maili 21 tu. Siku ya hewa safi mtu akisimama upande huu huona upande wa pili. Majeshi yamevuka maji hayo huku na huku kwa karne nyingi, hata msomaji wa historia huchoka kuvihesabu vita vyenyewe. Lakini akitafuta chanzo chake atakuta jambo ambalo mkulima yeyote hawezi kulionea ajabu, yaani ugomvi wa urithi wa ardhi. Leo tutautazama ugomvi huo, na tutauliza pia ni nani aliyelipa gharama zake.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1066 Mfalme Edward wa Uingereza alifariki bila kuacha mtoto. Wakuu wa nchi wakamtawaza shemeji yake, Harold. Ng'ambo ya bahari William, mtawala wa Normandy, akadai kwamba Edward alikwisha kumwahidi yeye ufalme huo, na kwamba Harold mwenyewe alikula kiapo cha kumsaidia. William aliteremka Pevensey na jeshi lake tarehe 28 Septemba. Tarehe 14 Oktoba Harold aliuawa vitani karibu na Hastings, na siku ya Krismasi William akavikwa taji Westminster. Wenye ardhi wa Kiingereza wakanyang'anywa mashamba yao, wakapewa makabaila wa Kinormani. Mwishoni mwa mwaka wa 1085 mfalme akaamuru iandikwe daftari kubwa ya mashamba, mifugo na vinu vya nchi, ili ajue kila mahali panapaswa kutoa nini.

Tangu hapo lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa. Mchungaji aliendelea kumwita ng'ombe kwa jina la Kiingereza, lakini nyama yake ilipofika mezani pa bwana iliitwa kwa jina la Kifaransa. Hata sisi hatukukosa fungu letu katika jambo hilo. Maneno korti, jaji na jela tumeyapata kwa Waingereza, na Waingereza waliyapata kwa Wafaransa.

Ushindi wa William ulizaa taabu. Katika Uingereza alikuwa mfalme, lakini kwa ajili ya Normandy alikuwa mtu wa chini ya mfalme wa Ufaransa. Kitukuu chake, Henry wa Pili, aliyetawazwa mwaka wa 1154, alitawala toka mpaka wa Uskoti hata milima ya Pyrenees, kwa kuwa mkewe, Eleanor, alikuwa mrithi wa nchi ya Aquitaine. Ardhi yake katika Ufaransa ilikuwa kubwa kuliko ile aliyoitawala mfalme wa Ufaransa mwenyewe, na juu ya hayo alitakiwa amwapie mfalme huyo utii. Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka wa 1204 Mfalme John, mwana wa Henry, alinyang'anywa Normandy. Mwaka wa 1216 makabaila wa Kiingereza, kwa kumchukia John, walimwita Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa, naye akaingia London na kupokewa kwa shangwe. John alipokufa mwaka huo huo walimgeukia mwanawe mdogo, na mwaka wa 1217 Louis alirudi kwao baada ya kushindwa barani na baharini.

Kesi kubwa ilianza mwaka wa 1328. Mfalme Charles wa Nne wa Ufaransa alikufa bila mtoto wa kiume. Edward wa Tatu wa Uingereza alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Wafaransa wakasema kwamba ufalme hauwezi kupita kwa mwanamke, wakampa Philip, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Edward alinyamaza kwa muda. Lakini mwaka wa 1337 Philip alitangaza kumnyang'anya Aquitaine, na mwaka wa 1340 Edward akajiita mfalme wa Ufaransa. Hivyo vikaanza vita viitwavyo Vita vya Miaka Mia, ingawa vilichukua miaka 116.

Vitabu vingi husifu mishale ya Waingereza iliyowaangusha wapanda farasi wa Kifaransa huko Crécy mwaka wa 1346 na Agincourt mwaka wa 1415. Huko Poitiers, mwaka wa 1356, walimteka hata mfalme wa Ufaransa, wakamtoza fidia ya vipande milioni 3 vya dhahabu. Lakini mapigano makubwa ya namna hiyo yalikuwa machache. Kazi ya kila mwaka ilikuwa kupita katika nchi na kuchoma vijiji, ghala na mavuno, ili mfalme wa Ufaransa akose kodi na heshima. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mkulima wa Kifaransa alichomewa nyumba na adui, kisha akatozwa fedha na bwana wake mwenyewe. Mwaka wa 1358 wakulima wa upande wa Paris waliasi, wakauawa kwa maelfu.

Mkulima wa Kiingereza hakuchomewa nyumba kama mwenzake, lakini hesabu ilimfikia naye. Serikali ilitoza kodi ya kichwa mara tatu ndani ya miaka minne. Ile ya tatu ilikuwa shilingi moja kwa kila mtu aliyepita miaka 15, na maskini alidaiwa sawa na tajiri. Mwezi wa Juni mwaka wa 1381 wakulima wa Kent na Essex waliingia London, wakiongozwa na Wat Tyler, wakamwua askofu mkuu aliyekuwa waziri wa mfalme. Mfalme Richard, kijana wa miaka 14, aliwaahidi mengi. Tyler alipokwisha kuuawa, ahadi zote zikafutwa.

Mwaka wa 1420 ilionekana kana kwamba Waingereza wameshinda kesi, kwa maana mkataba wa Troyes ulimfanya Henry wa Tano kuwa mrithi wa Ufaransa. Miaka miwili baadaye alikufa, akaacha mtoto asiyetimiza mwaka mmoja. Ndipo alipotokea Joan wa Arc, binti wa mkulima wa Domrémy. Mwaka wa 1429 alikwenda na jeshi la Wafaransa, mji wa Orléans ukaokolewa, na mfalme wao akatawazwa Reims. Waingereza walimpata, na tarehe 30 Mei 1431 akachomwa moto Rouen, akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Kifo chake hakikuwasaidia. Mwaka wa 1453 mizinga ya Wafaransa iliwavunja huko Castillon, wakabaki na mji wa Calais tu, nao ukawatoka mwaka wa 1558.

Jambo la ajabu ni kwamba madai hayakufa. Wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa katika hati zao hata mwaka wa 1801, yaani miaka 243 baada ya kupoteza kipande cha mwisho cha ardhi hiyo.

Vita vingine vilifuata, toka mwaka wa 1689 hata 1815, mara hii kwa ajili ya biashara na makoloni. Kila upande ulilipa kwa namna yake. Ufaransa iliwasaidia Wamarekani kuishinda Uingereza, ikaingia katika deni lililokuwa mojawapo la mambo yaliyoleta mapinduzi ya mwaka wa 1789. Uingereza nayo, ili kupata fedha za kupigana na Wafaransa, ilianzisha kodi ya mapato mwaka wa 1799. Mwenye pato lililozidi paundi 200 kwa mwaka alitoa shilingi mbili katika kila paundi. Karani anayetazama makato ya mshahara wake leo anaitazama kodi iliyobuniwa kwa vita hivyo.

Baada ya Napoleon kushindwa Waterloo mwaka wa 1815, mataifa haya mawili hayakutangaziana vita tena. Mwaka wa 1898 nusura wapigane huko Fashoda, juu ya mto Nile. Tarehe 8 Aprili 1904 walipatana: Ufaransa isiwazuie Waingereza katika Misri, na Uingereza isiwazuie Wafaransa katika Moroko. Wamisri na Wamoroko hawakuulizwa.

Hata hivyo damu ilimwagika tena. Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka wa 1940, serikali yake mpya ilikaa Vichy, nayo ilikuwa na Madagaska mkononi. Waingereza, wakiogopa kwamba Wajapani wataichukua bandari ya Diego Suarez, waliteremka huko tarehe 5 Mei 1942. Vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland vikapelekwa kumaliza kazi hiyo, na upande wa pili walikuwapo askari wa Kimalagasi na wa Kisenegali. Basi katika ugomvi ulioanza kwa mfalme asiyeacha mtoto, vijana wa Afrika walilengana bunduki kisiwani, na hakuna mmoja wao aliyekuwa na dai lolote juu ya Calais au Normandy.

Tangu mwaka wa 1994 magari ya moshi hupita chini ya mlango ule wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Wafalme waliodai ardhi ya ng'ambo wamekwisha kusahauliwa na wengi. Kodi ya mapato ingali inatozwa.