Kayange Hakuacha Kemia

Makomredi, hii habari ya "chagua mpira au masomo" mimi nimeichoka. Humphrey Kayange alisoma kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndiye huyo huyo aliyewahi kuwa nahodha wa timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba. Kombe la Dunia la 2009 kule Dubai, Kenya iliwachapa Fiji, mabingwa watetezi, ikaingia nusu fainali. Argentina ndio walitukatia safari. Rio 2016 alicheza Olimpiki pamoja na mdogo wake, Collins Injera. Alikuwa na miaka 34: kwenye raga huo ni uzee, kazini ndio kwanza unaanza. Mwaka 2021 akawa Mkenya wa kwanza kuingizwa kwenye orodha ya magwiji wa World Rugby.

Sasa mbona hapa chuoni mtu anaenda kutuchezea ugenini, akirudi anakuta sufuri ya jaribio lililofanywa akiwa uwanjani? Ati "alichagua". Chama chetu kidai kwa maandishi: ukisafiri na timu ya chuo, jaribio unalifanya wiki inayofuata.