Mkulima Alishindwa, Karatasi Haikushindwa

Ndugu wanachama na wapenzi wa chama, leo napenda tuzungumze habari ya ardhi na karatasi. Wengi wetu hulidharau jambo hili, wakidhani ni kazi ya makarani wa wilayani. Lakini ukitaka kujua ni nani aliyefaidika na vita, usiulize ni nani aliyepiga bunduki. Fungua daftari la Serikali utazame ni nani aliyeandikiwa shamba baada ya bunduki kunyamaza.

Tuanze hapa hapa kwetu. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na siku chache baadaye yakaingia Ujiji. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen, ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Liemba, wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Wabelgiji wakashika utawala wa Kigoma mpaka Machi 1921, walipoikabidhi kwa Waingereza. Je, waliondoka mikono mitupu? Hata kidogo! Kwa mapatano ya mwaka huo huo wa 1921, Ubelgiji ilipewa eneo lake katika bandari ya Kigoma, na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila kuwekewa mwisho. Faranga moja, bei ambayo hata mwenye kibanda cha kuuzia dagaa Kibirizi angeicheka.

Na wale mapagazi waliobeba risasi, mizinga na unga wa majeshi hayo, waliandikiwa nini? Wao walitoka huku kwetu, walitoka Kongo, walitoka Rwanda na Burundi. Wengi walikufa njiani kwa njaa na kuhara, wakazikwa wasikojulikana. Hakuna aliyepewa hata hatua kumi za ardhi kwa kazi ile. Ilitubidi tungoje mpaka Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, ndipo Mwalimu Nyerere aliposema bungeni kwamba Tanganyika haitajifunga kwa mkataba huo. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na mtu yeyote angeielewa: Mwingereza alikuwa mdhamini tu wa nchi hii, na mdhamini hawezi kumpa mtu milele kitu ambacho yeye mwenyewe hana milele.

BAHATI NASIBU YA NAIROBI

Sasa tuvuke mpaka twende kwa ndugu zetu wa Kenya, maana huko mambo haya yaliandikwa wazi kuliko mahali popote pengine katika Afrika Mashariki.

Vita vilipokwisha, Gavana wa huko alikuwa Jenerali Edward Northey, yule yule aliyeongoza majeshi ya Waingereza upande wa kusini wa Tanganyika. Mwaka 1919 Serikali yake ilitangaza mpango wa kuwapa mashamba askari waliorudi vitani. Yalikuwa mashamba ya aina mbili: ya bure, yasiyozidi ekari 160, na makubwa zaidi ya kulipiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Jumla yake ilikuwa zaidi ya mashamba elfu moja, na ardhi yake ilipita ekari milioni mbili. Watu wakakusanyika katika jumba la Theatre Royal mjini Nairobi, majina yakachezeshwa bahati nasibu, na kila aliyebahatika akapata namba ya shamba lake. London nako waliotaka mashamba walichezeshewa vivyo hivyo.

Je, ni askari gani hao? Hapo ndipo penye kiini cha maneno. Sharti lilikuwa mtu awe Mzungu. Mwafrika wa King's African Rifles aliyepigana miaka minne hakuruhusiwa, na Mhindi naye hakuruhusiwa. Mpagazi wa Carrier Corps hata hakutajwa, ingawa hesabu za Serikali yenyewe zilikubali kwamba mapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza walikufa. Mishahara mingi ya marehemu hao haikuwafikia jamaa zao, kwa kisingizio kwamba wenyewe hawajulikani waliko. Tazama ajabu hii! Siku ya kumchukua kijijini alijulikana, na siku ya kumlipa akawa hajulikani. Urithi uliobaki ni jina tu. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umeitwa hivyo kwa sababu ya kambi ya mapagazi hao, na Nairobi pia ina Kariakor yake. Mwaka 1927 tukapewa na sanamu ya Askari pale Dar es Salaam. Mzungu alipewa ekari, sisi tukapewa shaba nyeusi ya kutazama.

Tena ardhi yenyewe haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Sehemu moja ilikatwa katika nchi ya Wanandi, huko Kipkarren na Kaimosi. Huko Kericho, katika nchi ya Wakipsigis, ekari 25,000 walipewa maofisa walioumia vitani ili walime kitani. Ndugu, sikilizeni vizuri lililotokea huko, kwa maana ndilo fundisho la habari hii yote. Wengi wa mabwana hao hawakuwa wakulima na hawakuwa na mtaji. Kabla ya miaka mitatu kupita, bei ya kitani ilianguka duniani na kampuni yao ikafa. Kwa akili ya kawaida ungetegemea kwamba ardhi ingerudi kwa Wakipsigis. Haikurudi. Ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kilichoandikwa huuzwa, hurithiwa, huwekwa rehani. Ikapita mikononi mwa makampuni, ikawa mashamba ya chai. Mkulima alishindwa, karatasi haikushindwa.

MWAFRIKA NAYE ALIANDIKWA

Mtu asiseme kwamba Serikali ya kikoloni haikujua kuandika habari za Waafrika. Ilijua sana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1919 na 1920, Kenya ilianza kumwandika kila mwanamume Mwafrika, ikachukua alama za vidole vyake, ikamvika shingoni kipande ndani ya kikopo cha bati. Katika kipande kile kulikuwa na jina lake, tajiri wake na mshahara wake. Hapakuwa na mahali pa kuandika shamba lake. Daftari la Mzungu lilisema ana nini, na kipande cha Mwafrika kilisema anamtumikia nani.

Kwa hiyo kuandikwa peke yake si heri. Lazima tuulize: tunaandikwa kama wenye mali au kama wafanyakazi wa mali ya wengine? Sisi wa Kigoma swali hili tunalijua kwa mifupa yetu. Wazee wetu wa Buha walipandishwa garimoshi makundi kwa makundi kwenda kukata katani Tanga, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alikuwa na namba yake. Jina lilibaki kijijini, namba ikaenda shambani.

Katika Tanganyika Waingereza hawakugawa ardhi kwa mtindo wa Kenya. Mashamba ya Wajerumani yalichukuliwa kama mali ya adui, mengi yakauzwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ikaweka ardhi yote chini ya Gavana. Mgeni alipewa hati ya mpaka miaka 99, iliyopimwa na kuandikwa. Mwaka 1928 sheria ikaongezwa maneno ya kukubali kwamba wenyeji wanaokaa kwa mila zao nao wana haki. Maneno mazuri! Lakini haki hiyo haikuwa na ramani wala daftari, ilikuwa haki ya kudhaniwa. Haki ya kudhaniwa ikikutana na hati iliyopigwa muhuri, ninyi mnajua ipi itakayolala chini. Ndiyo sababu mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliweza kufukuzwa Ngare Nanyuki na nyumba zao kuchomwa, ili Wazungu wapate mashamba ya ng'ombe. Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea watu wake. Dunia ilimsikiliza, lakini hakupata kura za kutosha za kurudisha ardhi ile.

Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumika jeshini katika vita vya 1939 mpaka 1945. Walikwenda Uhabeshi, Madagascar na Burma. Waliporudi waliambiwa kwamba wao wana ardhi tayari, wakalime kwa baba zao. Huko Kenya Serikali ikaweka tena bodi ya kuwakalisha Wazungu kwenye mashamba. Je, ni ajabu kwamba mtu kama Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, aliingia msituni akawa Jenerali China? Na hata ukombozi ulipokaribia, mpango wa ekari milioni moja wa mwaka 1962 uliwataka Waafrika wachukue mikopo ili kununua ardhi ile ile ambayo wengine waliipata kwa bahati nasibu.

KARATASI ZA ASKARI WAZEE

Kuna habari nyingine ya karatasi. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari Waafrika waliobaki hai mishahara waliyokuwa wakidai tangu 1918. Wazee walikusanyika Mwanza, lakini walioleta vyeti walikuwa wachache sana. Husimuliwa kwamba mlipaji aliwapa fagio badala ya bunduki, akawaamuru kwa Kijerumani washike silaha, na kila mzee akafuata amri bila kukosea. Wengi hufurahia kisa hicho. Mimi sicheki. Mtu mzima mwenye mvi anachezeshwa gwaride la fagio ili aaminiwe, kwa sababu tu hana kipande cha karatasi!

Sasa turudi vijijini mwetu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kuzunguka kwangu na kazi za chama huwasikia watu wakisema, "Mwalimu, ardhi ya babu haina haja ya karatasi, majirani wote wanaijua mipaka." Nawauliza, majirani gani? Mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu walihamishwa kutoka mashamba ya zamani wakakusanywa katika vijiji vipya. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, lakini wengi hawakupewa maandishi ya walichoacha wala ya walichopewa. Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini mwaka ule leo amepita themanini. Mashahidi wanatutoka kila mwaka, na mti wa mpaka hauwezi kusema barazani.

Na ardhi yetu haikai bila kutazamwa. Tangu mwaka 2018 Serikali imehimiza kilimo cha michikichi katika mkoa huu. Desemba 2022 mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa saini. Mambo haya ni mema, nasi tunayataka. Lakini reli ikija bei ya ardhi hupanda, na bei ikipanda wenye karatasi huja mbele ya wenye ardhi.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa hati ya kimila nguvu sawa na hati nyingine, na inataka kila kijiji kiwe na daftari lake la ardhi. Inasema mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Lakini mwenzake, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka huo huo, anapoeleza maana ya ardhi ya jumla anatia na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Jihadharini na neno hilo! Kwa neno kama hilo Wanandi na Wakipsigis walipoteza nchi yao. Shamba lililopumzishwa, malisho, msitu wa kuokota kuni: mgeni akiangalia ataona patupu. Tuandike kabla hajaja.

Wengine watasema hati zitawafanya vijana wauze ardhi. Wasiwasi huo ni wa haki, nami sitaupuuza. Tena kuna wasiwasi mkubwa zaidi: kalamu inaweza kuiba. Karani akiandika jina la kaka mkubwa peke yake, mjane na dada wamepokonywa mchana kweupe kwa wino. Dawa ya hayo ni kuandika hadharani, si kukataa kuandika.

Kwa hiyo kila tawi toka Kagunga mpaka Kalya, toka Manyovu mpaka Kakonko, lifanye haya. Kwanza, liulize kama kijiji kina cheti chake cha ardhi na mpango wa matumizi, na kama hakuna, jambo hilo liwe la kwanza katika mkutano mkuu wa kijiji. Pili, mipaka ipitiwe kwa miguu, wazee na vijana pamoja, majirani wa pande zote wakiwapo. Tatu, malisho, misitu na mashamba ya kupumzishwa yaandikwe kwa majina yake kuwa yanatumika, na yanatumika kwa nini. Nne, mume na mke waandikwe wote wawili, na mjane asiachwe. Tano, daftari lisifungiwe kabatini kwa mtendaji. Kila mwananchi awe na haki ya kulisoma, na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti.

Viongozi wa matawi nao wasiwe wa kwanza kujiandikia mashamba yaliyo bora. Atakayefanya hivyo atakuwa amecheza bahati nasibu ya Nairobi katika kijiji chake mwenyewe, na wanachama wana haki ya kumwondoa.