Mko wangapi?

Najua nimepotea, mtanisamehe. Tangu tufungue chuo ni testi juu ya testi, bumu nalo limechelewa, hata hela ya bando ilikuwa hakuna. Leo nimeazimwa simu na mshikaji, nikasema ngoja nitoe la moyoni kabla hajaidai.

Juzi jioni alikuja jamaa mmoja chumbani kwetu, anagombea kwenye serikali ya wanafunzi. Kasalimia vizuri, kakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa, halafu akaniuliza, "Wewe si wa Sumbawanga? Mko wangapi hapa chuoni?" Nikamwambia sijawahi kuwahesabu. Akacheka, eti nyie mkiwa upande wangu wapinzani mtawatumia radi. Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka, maana ukizaliwa Sumbawanga utani wa uchawi unauzoea kama baridi ya mwezi wa sita. Alipoondoka ndiyo nikagundua kwamba hakuniuliza kitu kingine chochote.

Swali hilo la "mko wangapi" nilishalisikia nyumbani. Mwaka 2025 nilikuwa BTP kwenye shule moja bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa. Sisi watu wa juu, wa Ufipa kwenye baridi, tukisema "bondeni" tunamaanisha joto, mpunga na Wasukuma. Wamehamia huko na ng'ombe wao kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi walizaliwa palepale, hawajawahi kuiona Mwanza wala Shinyanga. Lakini ukimuuliza Mfipa, hao ni wageni.

Kampeni zilianza tarehe 28 Agosti. Haya ya Oktoba 29 kila mtu anayajua alivyoyaona, siyo mada yangu leo. Nazungumzia mkutano mmoja tu, wa mgombea ambaye jina na chama navihifadhi. Kashuka na msafara, ngoma ya bugobogobo inapigwa, vijana wanarusha majembe juu, kashika spika akapaza sauti: "Mwangaluka!" Watu wakashangilia. Wanafunzi wangu waliokaa mbele wakazibana midomo kwa kucheka, maana ilikuwa saa tisa alasiri na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Mchana wanasema mwadila. Hakuna aliyemsahihisha, ni mgeni bwana.

Akaahidi majosho na malambo ya ng'ombe. Sawa. Jioni nikapata lifti kwenye fuso la wapambe wake kupanda mlima, nina shida zangu mjini. Tukasimama kijiji cha wakulima, akashuka tena, safari hii bila mwangaluka, akawaambia mifugo inayoingia mashambani itaondolewa na wenye mifugo hiyo wanajulikana. Wakashangilia vilevile. Ndani ya fuso wapambe wakawa wanapiga hesabu: pale bondeni Wasukuma kama mia nne, tumeshawapata. Mmoja akamalizia, "Wakishapiga kura warudi kwao." Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia, lifti ya bure, nikanyamaza. Hilo mnihesabie.

Mia nne hiyo waliitoa wapi? Sensa zetu hazimuulizi mtu kabila tangu ile ya 1967. Ya 2022 imetuambia Rukwa tuko zaidi ya milioni 1.5, basi, haikusema nani ni nani. Wanahesabu kwa macho: kofia, fimbo, ukubwa wa zizi.

Na sijatunga hofu. Uchaguzi mkuu wa 2005 ulifanyika Desemba. Mwaka uliofuata ikaanza operesheni ya kuwatoa wafugaji Usangu na Ihefu kule Mbeya, wakaswagwa na mifugo yao mpaka Lindi. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza ya kupambana na ujangili, wafugaji wakaumizwa, ng'ombe wakafa, mpaka Bunge likapiga kelele na mawaziri wanne wakaondoka. Miaka yote hiyo salamu za jukwaani hazijawahi kupungua.

Kuna watu watasema afadhali hivyo, sisi Watanzania hatuna ukabila, sheria ya vyama ya 1992 inakataza chama cha kabila au dini, waangalie Wakenya. Nakubali, sitaki chama cha Wafipa wala cha Wasukuma. Lakini tusiwacheke Wakenya haraka. Wamakonde wa Kwale waliishi bila vitambulisho kwa miaka na miaka, mpaka wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai mwaka 2016. Mwanzoni mwa 2017 wakatangazwa kabila la 43 la Kenya, Julai wakafuata Wakenya wenye asili ya Asia, kabila la 44. Uchaguzi ulikuwa Agosti 8. Kila mtu aliona kura zinatafutwa! Lakini yule mama Mmakonde kitambulisho chake kilibaki mkononi baada ya kura kuhesabiwa. Mimi mwanasiasa wa namna hiyo namsamehe.

Hata kwetu imewahi kutokea. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa makazi Katumba na Mishamo (enzi hizo ni Rukwa, Katavi ilikatwa 2012) walikubaliwa uraia mwaka 2010, kisha vyeti vikakwama kwa sababu walitakiwa kwanza wahamie mikoa mingine. Vikaanza kutolewa Oktoba 2014, watu kama 162,000 pamoja na wa Ulyankulu. Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 2015, angalieni tarehe. Ninaye rafiki hapa chuoni, mtoto wa Katumba, babu yake alivuka na hao. Ananiambia nyumbani kwao cheti kile kimefungwa kwenye nailoni mbili ndani ya sanduku.

Huyohuyo alipokwenda kujiandikisha kupiga kura akaulizwa cheti cha babu kiko wapi. Akarudi nyumbani, akafungua sanduku, akapanga foleni upya siku ya pili. "Mkutanoni nilikuwa ndugu mwananchi," anasema, "kwenye foleni nikawa Mrundi." Alipata kadi. Kaka yake aliudhika, hakwenda tena.

Sasa huyu jamaa wetu wa serikali ya wanafunzi ameahidi kurudi kesho na kreti ya soda kwa watu wa Rukwa. Soda tutakunywa, njaa haina itikadi. Ila nimeshawaambia wenzangu tumwandikishe kwenye karatasi, asaini: sisi tuliopangiwa BTP mbali tulitumia nauli za mifukoni mpaka hela ikaja tumeshamaliza, atafuatilia lini, na kwa nani? Wawili wameniambia naharibu shughuli, soda itakosekana.

Haya, mwenye simu kaja. Nitawapa matokeo.