Maksuudi Hakutegwa na Mtu

Makala moja inadai kwamba Maksuudi wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed (1980), alikuwa mfungwa wa mila, na kwamba kisasi cha Bi Farashuu ndicho kilichoivunja nyumba yake.

Mila gani? Iliyowafungia mkewe Tamima na bintiye Maimuna ndani haikumzuia yeye kulala nje. Mfungwa gani anayeshika funguo?

Hoja ya kisasi ndiyo dhaifu kupita zote. Kisasi cha nini? Farashuu ni mamake Mwanasururu, mke ambaye Maksuudi alimwoa kwa tamaa ya mali, akamnyang'anya, akamwacha. Basi alikwisha kutelekeza mke kabla mtego wowote haujategwa. Na Tamima akiwa katika uchungu wa uzazi, nani alimpiga na kumpa talaka? Farashuu?

Eti tumhurumie kwa kuwa alifilisika. Mwambie hayo mama wa huku Taru anayetoka lamboni na mtungi wa lita 20 kichwani, mtoto mgongoni, mume kaingia Mombasa na hata simu hapigi. Makala nzima inamlilia Maksuudi; Tamima hakutajwa hata mara moja.